Redieta Hutazama Ndani

Jumapili, 9 Februari

Nimepata kiyoyozi! Mimi, Gona, dereva mstaafu wa malori, mkazi wa Garsen, mwenye nyumba ya mabati ambayo watu wasionipenda huiita tanuri. Kiyoyozi cha dirishani. Kizito. Kimetumika, lakini uso wake bado unang'aa. Abdinur mfanyabiashara amenipa, nami nimempa beberu. Beberu mwenyewe ni wa mke wangu, Kadii. Hajui bado. Alikuwa kanisani.

Haraka yote hii ni kwa ajili ya binti yangu, Lorna. Jumamosi wazee kutoka kijiji cha Ngao wanakuja kumposa. Wanakuja tena, niseme. Walikuja Desemba, na kaka wa Mzee Hiribae (Hiribae ndiye baba wa kijana, Danson) akazimia kwa joto sebuleni kwangu kabla salamu hazijakwisha. Walimtoa wamembeba mikono na miguu. Hiribae ni mzee wa kanisa, hana ushirikina, lakini alisimama mlangoni akasema nyumba isiyomtaka mgeni haiwezi kumpa mke. Wakaondoka. Lorna alilia mpaka Krismasi. Safari hii ikiharibika, hakuna ya tatu.

Ndipo Kadii akaja na wazo lake. Mazungumzo yahamishiwe Idsowe, kwa kaka yake Nyale, kwenye nyumba ya makuti inayopitisha upepo. Nyale! Mtoto azaliwe kwangu, aposwe kwa Nyale, na Nyale akae kiti cha mbele akikuna ndevu! Nimemwapia Kadii kwamba Ijumaa jioni ataingia sebuleni na kusikia baridi. Asipoisikia, wageni nitawapeleka Idsowe mimi mwenyewe. Ameniambia niape tena, kwa sauti, Lorna asikie. Nimeapa.


Jumatatu, 10 Februari

Nimekifunga kwa mikono yangu. Abdinur alipita kuangalia, akasema upande wenye vifungo uingie ndani, mgongo utoke nje. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mtu wa kuuza mbuzi anifundishe mimi mitambo! Nimeendesha lori Garsen na Malindi tangu barabara ikiwa tope. Lori hupozwa na nini? Redieta. Na kiyoyozi hiki redieta yake iko wapi? Mgongoni, mapezi yake yote yanaonekana. Basi redieta itatazama ndani, ipoze watu wa ndani. Uso wenye vifungo utatazama barazani, wapita njia wauone na kujua kwamba hapa anakaa mtu.

Abdinur amesema haya, mali ni yako. Wivu huo. Natambua wivu nikiuona.

Mchana nimewasha. Ngurumo! Mpaka majirani wametoka nje. Nimekaa kwenye kochi mbele ya redieta, shati wazi, macho nimefumba. Upepo ukaja. Wa moto! Nilishtuka, lakini kidogo tu. Dizeli yoyote lazima ipate moto kwanza ndipo ifanye kazi.

Jioni bado inapata moto.


Jumanne, 11 Februari

Bado. Nimeamka nikakuta mshumaa wa Kadii, ule anaouweka mezani kando ya Biblia, umeinama mpaka umegusa kitambaa. Na maji yanadondoka kwenye kochi. Nimemweleza Kadii kwamba hilo ni jasho la mtambo, ni dalili ya bidii. Amenijibu kwamba hata yeye anatoka jasho, na hakuna anayemsifu.

Kisha akauliza beberu wake yuko wapi. Nikasema malishoni. Wakati huohuo Asli, mama anayeuza maziwa, akasema kutoka barazani kwamba beberu mwenye sikio lililokatwa yuko kwa Abdinur tangu juzi, anakula vizuri. Kumbe ukuta wangu una masikio, tena ya Asli. Kadii hakupiga kelele. Alinitazama tu. Afadhali angepiga kelele. Yule beberu ndiye aliyekuwa kitoweo cha wageni.

Sasa huyu Asli. Siku zote huuza maziwa yake kule sokoni. Leo amehamia barazani kwangu na madumu yake, chini kabisa ya kiyoyozi. Nilitaka kumwondoa, lakini kwetu mtu hafukuzwi barazani. Nikamuuliza kilichomleta. Akasema hapa pana upepo mzuri. Upepo! Garsen, Februari, saa saba mchana! Nimeelewa mara moja: mama wa watu anaona haya kusema ukweli, kwamba amevutwa na heshima ya nyumba yenye kiyoyozi.


Jumatano, 12 Februari

Nimegundua tatizo! Chujio. Nimezunguka nje, nikawaomba wenye maziwa wasogee (sasa ni kundi, Asli ameleta wenzake), nikafungua uso wa mtambo na kutoa chujio. Vumbi la kutosha kupanda mihogo. Nimeliosha kwa sabuni ya unga, nimelianika, nimelirudisha. Nikaweka kifungo mwisho kabisa. Nikakimbilia ndani kufaidi.

Moto zaidi ya jana! Nimeduwaa. Kitu kimesafishwa, kinafanya kazi kwa nguvu zote, na nguvu zote ni za moto! Kadii alikuja na glasi ya maji, akafika mlangoni, akarudi nayo jikoni.

Wakati huo barazani wanacheka na kujifunika mitandio. Asli alinijia kwa heshima, akanyoosha mkono kwenye ukuta wangu. "Mzee," akasema, "hii kitu yako punguza kidogo. Magoti yangu inauma na baridi."

Baridi! Nimemshauri akapimwe malaria. Homa huanza hivyohivyo, mtu anatetemeka juani. Akashukuru kwa wasiwasi wangu, akasema maziwa yake tangu ahamie hapa hayachachi mpaka jioni, na kwamba nyumba hii ina baraka. Hilo nimelikubali. Mama mwenye akili, ila mgonjwa.


Alhamisi, 13 Februari

Siku mbaya. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi niliamka na jibu: baridi ipo, ila inatoroka! Nyumba yangu ina matundu ya hewa juu ya kuta, na kati ya ukuta na mabati panapita mkono. Nani atapoza chumba chenye matundu? Ni sawa na kujaza maji kwenye chekecheke. Nimeziba kila kitu. Magunia, matambara, udongo, na gauni kuukuu la Kadii ambalo kumbe si kuukuu. Nikafunga mlango. Nikawasha.

Sijawahi kusikia joto la namna ile, hata chini ya boneti. Kuku aliyekuwa akiatamia nyuma ya kochi aliacha mayai yake akatoka mbio. Kuku!

Nikiwa mlangoni natweta, nani namwona barazani? Nyale. Shemeji yangu Nyale, ametoka Idsowe kuja kupeleleza, amekaa na wauza maziwa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Nimemkaribisha ndani. Amekataa! Amesema, "Shemeji, niache hapahapa. Baraza yako tamu." Mtu anikejeli mbele ya nyumba yangu, huku anakunywa maziwa ya nyumba yangu! Kisha akaniambia nisihangaike na kitoweo, amesikia habari za beberu, Jumamosi ataleta mbuzi wake. Nimeshukuru.

Hasira ikanipa akili. Redieta ya lori ikichemsha, hufanywa nini? Hutiwa maji! Jambo dogo namna hii, siku zote nimepoteza bure. Nimetafuta kifuniko cha redieta, sikukiona, watengenezaji wa siku hizi ni wavivu. Nimechukua ndoo nikaimwagia yote mgongoni.

Pa! Nilijikuta nimekaa sakafuni upande wa pili wa chumba, nywele zimesimama, mkono wa kulia hausikii. Lorna alikuja mbio, akanishika kichwa, akauliza kama namwona. Namwona, nikasema. Akaanza kulia. Nikamwambia nimepona, asilie. Akasema halii kwa ajili ya stima iliyonirusha, anamlilia Danson wake, maana keshokutwa baba zake watakuja wazimie wote kwa pamoja.

Neno hilo limeniingia.


Ijumaa, 14 Februari

Siku ya kiapo. Kiyoyozi kimekauka, kinafanya kazi, kinachoma kama kawaida. Asubuhi nilikwenda kwa Abdinur kulalamika. Hakuacha hata kuhesabu mbuzi wake. Alisema neno lake lilelile, geuza. Nikamuuliza amelipwa na nani. Na Nyale? Akanitazama kwa huruma. Huruma ile imenithibitishia kwamba amelipwa na Nyale.

Basi nikapanga mpango wangu. Wachuuzi wa samaki wanaoleta mzigo kutoka Ozi hutumia barafu. Nimechukua barafu yao iliyobaki, mabeseni matatu. Moja nyuma ya pazia, moja chini ya kochi, moja chini ya meza ya Biblia. Kadii aliahidi kukagua kabla ya magharibi. Nikamwomba Mungu mke wangu asivute pumzi nyingi, maana barafu ilikuwa na harufu ya kambare.

Na hapo, ole wangu, stima ikapotea! Garsen nzima. Kiyoyozi kikanyamaza. Nilijishika kichwa. Nikajua kesho niko Idsowe, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya Nyale.

Kadii akaingia. Akasimama katikati ya chumba. Akageuza uso huku na huku. Akasema, polepole, kwamba pana baridi kidogo. Pana baridi! Nilikuwa nimeshangaa kumzidi yeye. Lakini ni kweli, chumba kilikuwa kimepoa tangu mtambo uzimike. Nimelifikiria sana, na jibu ni moja tu: baridi ya wiki nzima ilikuwa imepanda na kujificha kwenye mabati, na ngurumo ilipokoma ikashuka.

Akauliza kwa nini pananuka kambare. Nikamwambia ndiyo harufu ya gesi.

Ameridhika. Wageni watakuja hapa! Nyale akune ndevu zake kwao.


Jumamosi, 15 Februari

Nitaandika yote kwa utaratibu.

Stima ilirudi alfajiri. Nikawasha mapema, kifungo mwisho, madirisha yamefungwa, matundu yamezibwa. Nyale akafika na mbuzi wake. Kadii akamtazama mbuzi, akamshika sikio. Sikio lililokatwa! Ni beberu wake yuleyule, Nyale amemchukua kwa Abdinur! Nilitamani ardhi ipasuke. Kadii akamkumbatia kaka yake. Mimi hakunikumbatia mtu.

Wageni wakaingia, Mzee Hiribae mbele na suti yake nyeusi ya kanisani, nyuma yake kaka yake, yule wa kuzimia, akiwa na kitambaa cha maji tayari shingoni. Hiribae hanywi pombe hata tone, lakini alikuwa amekuja na kibuyu cha tembo la mnazi, maana mwanawe anaoa kwa Wagiriama na ameambiwa mila yetu. Alikibeba mbali na koti lake kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani aliyejikojolea.

Tukakaa. Redieta ikatupulizia. Sala ya kufungua ilikuwa fupi, na kabla ya amina suti ya Hiribae ilikuwa imeshikana na mgongo wake. Maji yakamdondokea begani. Nikawaambia mtambo unapata moto kwanza. Kaka yake akaanza kupepesa macho. Mtu akamshika. Nikawaambia baridi iko njiani. Kaka yake akalala begani kwa mwenzake.

Hapo Hiribae akainuka. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema kwa upole, "Mzee Gona, mara ya kwanza nilisema ni bahati mbaya. Leo ni mara ya pili. Nyumba yako haitutaki, nasi si watu wa kujilazimisha." Akachukua kofia yake.

Niliona Desemba yote ikirudi, Lorna na mto wake wa machozi, na safari hii kosa likiwa na jina langu juu yake. Aliyenisaidia ni Nyale, na hili naliandika kwa shingo upande. Alisema kibuyu kimeshaingia ndani, na kwa mila yetu kibuyu hakitoki mpaka binti aulizwe. Aulizwe kwanza, kisha mwenye kwenda aende.

Basi Lorna akaitwa. Swali ni moja tangu enzi za babu: mnazi huu baba yako aunywe? Akisema anywe, amekubali kuolewa. Akinyamaza, kila mtu kwao. Alisimama mlangoni na kanga yake mpya, jasho linamtiririka kidevuni. Akamtazama Hiribae na kofia yake mkononi. Akanitazama mimi. Mtambo peke yake ndio ulionguruma.

"Anywe," akasema. "Lakini aunywee nje."

Sijawahi kusikia jibu la namna hiyo! Wala wazee hawajawahi. Wakatazamana. Lakini binti akishasema amesema, na kaka wa Hiribae tayari alikuwa anatambaa kuelekea mlangoni.

Tukatoka barazani. Asli na wenzake wakainuka, wakatupisha mkeka. Hiribae akakaa chini ya uso wa kiyoyozi. Akafungua kifungo cha koti. Akafungua cha pili. Kaka yake akafumbua macho, akauliza tumefika lini Lamu. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo nikinywa mnazi kwa mikono miwili, sikuelewa kinachotokea. Kisha nikasogea. Upepo ukanipiga usoni. Baridi! Baridi ya kweli, barazani kwangu, mchana kweupe! Almanusura niangushe kibuyu.

Yote yaliafikiwa hapohapo bila ubishi. Hakuna aliyetaka kuondoka. Walimla beberu wa Kadii polepole, wakaongeza chai, na Hiribae akaomba aletewe shuka la kujifunika miguu. Harusi ni baada ya Pasaka. Lorna amecheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kina sauti gani. Nilipomsikia ilibidi nijifanye mnazi umenipalia.

Wakati wa kuaga, Hiribae alinishika mkono mbele ya watu wote, Nyale akiwemo, akasema hajaona mtu kama mimi. Kila mwenye kitu hukiingiza ndani na kufunga mlango. Mimi nimewatolea nje wapita njia na wauza maziwa, nikakubali kuungua mwenyewe. Anajivunia mwanawe kuoa kwa mtu wa namna hiyo.

Nimemjibu kwamba ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo. Kadii alikohoa.


Jumapili, 16 Februari

Nimekaa nikifikiri siku nzima. Kilichotokea jana sasa kiko wazi. Redieta yangu ina nguvu kupita kiasi. Chumba kilijaa baridi mpaka kikashiba, mwili wa binadamu ukachanganyikiwa na kuiona kama moto, na iliyozidi ikamwagikia barazani. Nilimweleza Abdinur tulipokutana njiani. Alikaa chini kando ya barabara, akashika tumbo, machozi yakamtoka. Aibu ya kushindwa.

Sasa hesabu ni rahisi. Ikiwa mabaki tu ya baridi yamemfanya Hiribae aombe shuka, itakuwaje redieta yenyewe ikitazama nje? Baada ya Pasaka harusi yote itakuwa barazani, wageni wa Ngao watavaa makoti! Nimemwambia Kadii. Amesema, geuza, tafadhali, geuza hata sasa hivi. Kwa mara ya kwanza ameona mbali kama mimi.


Jumatatu, 17 Februari

Nimekigeuza. Vifungo ndani, redieta nje. Nimeita watu wote wakae barazani wafaidi. Nimewasha.

Moto! Nimesimama kama nguzo. Asli alikusanya madumu yake, akarudi sokoni. Maziwa ya mmoja yalichacha kabla hajavuka barabara. Nyale, aliyekuja na mto wake wa kulalia kutoka Idsowe, ameniuliza nimeifanya nini baraza. Kiyoyozi kizuri kabisa, Jumamosi kilikuwa kizima, leo kimeharibika!

Ndani ndiko kumeharibika kabisa. Nimechungulia. Lorna amevaa sweta ya shule. Kuku amerudi nyuma ya kochi. Nyale ameingia, hajatoka. Mshumaa mpya umesimama wima. Kadii amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Nimewaonea huruma, lakini nina kazi.

Nimeshapata chanzo. Baridi ya nje inatoroka. Baraza haina kuta! Nimeanza kuizungushia magunia, nimeziba upande wa barabara wote, kesho naziba juu. Jasho linadondokea kwenye karatasi. Nilikwenda mlangoni kuomba nyundo, na Kadii, bila kuutoa mkono kwenye blanketi, ameniomba nifunge mlango, joto langu linaingia.